Tope Lisilo na Chumvi

Sijamwona mtu mwingine anayeonja tope kwa ajili ya kazi. Yeye alionja. Aliinamisha gambuti juu ya karo la zege nyuma ya maabara, akakwangua kidogo kwa ukucha wa kidole gumba, akatia ulimini, akatulia kama mpishi anayepima mchuzi, kisha akatema pembeni na kusema, "Huyu kafika." Au hakusema kitu. Akinyamaza, ujue siku yako imeharibika.

Kwenye karatasi za chuo chetu hapa Mtwara cheo chake kilikuwa mtunza maabara. Wahadhiri walimwita Mzee. Sisi wanafunzi wa mazingira na biolojia tulimwita Fundi, na hata leo, nikiwa mhadhiri mwenye ofisi na ufunguo wangu, siwezi kumwita vingine. Alizaliwa wapi na baba yake nani, sitaeleza, kwa sababu yeye mwenyewe hakuona kama hiyo ni habari. Akiulizwa alijibu, "Mtoni huko," na kuinua kidevu kuelekea Ruvuma, ambako watu wengi wana ndugu ng'ambo zote mbili. Ninachotaka kueleza ni namna alivyomjua mwanafunzi bora kabla kamati haijakaa, na kwa nini mimi niliyepewa tuzo nimeishi nayo kama kokoto ndani ya kiatu.

Gambuti zote za idara zilikuwa mikononi mwake. Jozi ishirini, kila moja na namba ya rangi nyekundu kisiginoni. Ukienda fildi unasaini daftari lake, unapewa jozi yako, na jozi hiyo ni yako mpaka umalize chuo. Ukirudi unaziacha kwenye karo zikiwa na tope lake. Kuziosha ilikuwa marufuku. Wanafunzi wapya walidhani ni ukarimu wa mzee wa watu, wakamwonea huruma, wakataka kumsaidia. Aliwapokonya brashi.

"Ukiosha wewe, mimi nitasoma nini?"

Alikuwa anasoma kweli. Tope jeusi linalonuka yai viza, hilo la mikokoni, na alijua kama umeingia ndani au umesimama ukingoni kwa jinsi lilivyopanda kwenye gambuti. Mchanga mweupe wenye vipande vya matumbawe, huo wa Mnazi Bay. Tope la kahawia linaloteleza, lenye chumvi ya kubahatisha, hilo la mlango wa Ruvuma, mahali mto unapokutana na bahari na hakuna anayejua kwa hakika maji ni ya nani. Kifaa cha kupimia chumvi kilikuwepo kabatini, cha kisasa, ndani ya kasha lake. Fundi alikifuta vumbi kila Jumatatu na kukirudisha.

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa namba za gambuti. "Namba Nne, shikamoo yako nimeisikia, marahaba, sasa funga mlango." "Namba Kumi na Sita, unatembea kwa kisigino, utaimaliza soli." Mimi nilikuwa Namba Tisa. Miaka mitatu nilikuwa Namba Tisa, nikadhani jina langu halijui.

Alilijua. Alijua majina yetu yote matatumatatu, ila alikuwa na mahali pa kuyaweka. Ndani ya mlango wa kabati la vielelezo, pale penye chupa za kaa na samaki waliogeuka weupe kwa fomalini, aliandika kwa makapeni, ile kalamu ya wino mzito, jina moja kila mwaka. Hakutangaza. Mlango ukiwa umefungwa huoni kitu. Lakini kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa ameshatumwa kuchukua chupa, ameshafungua, ameshaona. Ile ndiyo ilikuwa tuzo yenyewe, hata kama hakuna aliyesema hivyo mbele ya wahadhiri. Tuzo ya chuo ilikuwa ngao, cheti na kupeana mikono na mgeni rasmi. Mara nyingi jina la mlangoni na jina la kwenye ngao lilikuwa moja. Mara nyingine halikuwa moja, na hapo ndipo wanafunzi walikaa bwenini wakibishana mpaka chai inapoa.

Mtu mgumu hivyo ungemtegemea awe mkweli kwa kila jambo. Hakuwa. Alikuwa na hadithi ya mamba wa Ruvuma aliyemfukuza ujanani, na mamba huyo alikuwa anaongezeka. Nilipoanza chuo alikuwa na urefu wa mtu mzima. Mwaka wangu wa tatu alikuwa amefika urefu wa gari la idara. Mwenzetu mmoja alithubutu kumkumbusha.

"Fundi, mbona mwaka juzi alikuwa mfupi?"

"Mwaka juzi ni mwaka juzi. Mamba si anakua?"

"Lakini ni mamba wa zamani, Fundi. Ulimwona mara moja tu."

"Ndo maana nakwambia anakua. Ningemwona kila siku ningejua kaishia wapi."

Tulicheka mpaka tukashika meza. Yeye hakucheka hata kidogo. Aliona anatofautisha vizuri kabisa kati ya hadithi na hesabu. Hadithi ni ya watu, alisema, kila mtu anaongeza chumvi yake, lakini jedwali ni la atakayekuja baada yako, na huyo hujui atalitumia kukata nini au kupanda nini. Na jambo lingine lililotushangaza: mtu huyu aliyejua kila shimo la kaa kati ya Mikindani na mpakani hakujua kuogelea. Maji yakifika magotini alirudi. Alisimama ukingoni na kitabu chake, akitupigia kelele tusiharakishe.

Sheria yake moja aliirudia kila tunapotoka. "Hukuona, acha wazi." Alitamka kama Mmakonde wa huko kwao, na neno mkoko kwake lilikuwa "nkoko", tukamwigiza mpaka na sisi tukazoea. "Umekuta nkoko umekatwa, andika umekatwa. Hukuufikia, acha wazi. Pengo haliumi mtu."

Mimi pengo liliniuma.

Sasa niseme, maana nimezunguka sana. Mimi ni mtoto wa Mpapura, wa mikorosho, na nilifika chuoni nikiwa na njaa ya kuwa wa kwanza. Sikujificha. Nilikaa mbele, nilijibu kabla swali halijaisha, niliwachosha wenzangu. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kuhesabu miche ya mikoko na matundu ya kaa kwenye vijiti vinne nilivyovichomeka kuanzia nchi kavu hadi kule mbele kabisa, kwenye milana, ile mikoko inayotangulia baharini. Kijiti cha nne kilifikika siku za bamvua tu, maji yanapotoka mbali. Ukikosa bamvua hiyo umeikosa. Siku chache baadaye maji hayatoki vya kutosha, kijiti kinabaki chini. Nilipanga kuhesabu mara kumi na mbili, bamvua baada ya bamvua.

Mara ya tisa sikwenda. Mpwa wangu alikuwa anatolewa unyagoni nyumbani, na mimi ni mama yake mdogo. Ukikosa siku hiyo, hata ukirudi na shahada tatu, watakukumbusha. Nilikwenda, nilicheza, nililia, nilirudi chuoni siku ya tano nikiwa na sauti iliyokauka. Bamvua ilikuwa imepita. Kwenye jedwali langu kulikuwa na mistari minane iliyojaa, na chini yake mstari wa tisa ukinitazama.

Ningeweza kuandika sikufika. Neno moja, ukihesabu na sababu labda manne. Badala yake nilikaa kitandani bwenini, nikatazama hesabu za mara ya saba na ya nane, nikabuni za tisa. Nilizibuni kwa ustadi, nikapunguza hapa na kuongeza pale ili zisifanane mno. Kisha nikakumbuka gambuti. Daftari la Fundi lilipaswa kuonyesha kwamba nilitoka, hata kama ni kwa kuchelewa. Nikaenda nikasaini, nikachukua namba tisa, nikazunguka nazo mjini, na jioni, kwa akili yangu yote ya mwanafunzi wa kwanza darasani, nikazipaka tope la mtaro wa nyuma ya bweni. Nililipaka vizuri. Nililipandisha mpaka kwenye muundi.

Nilizikuta karoni kesho yake bado hajaziosha. Alikuwa ameningoja. Alikwangua mbele yangu, akatia ulimini, akatulia muda mrefu kuliko kawaida, akatema.

"Halina chumvi," alisema.

Nilisema mvua imenyesha huko. Aliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa ukavu, ndio msimu wa korosho, ukungu wa vumbi kila mahali. Hakubishana. Alifungua bomba, akazipiga brashi mpaka zikang'aa, akazigeuza zikauke. Sikulala vizuri wiki nzima nikisubiri kuitwa na msimamizi wangu. Sikuitwa.

Miezi michache baadaye nikapewa ngao. Mwanafunzi bora wa sayansi za mazingira na biolojia. Mama yangu alipanda gari kutoka Mpapura na kitenge kipya. Fundi hakuhudhuria sherehe za tuzo, mwaka wowote, ingawa ni yeye aliyepiga pasi kitambaa cha meza na kuing'arisha ngao. Nilimkuta nyuma ya ukumbi akikunja kamba za turubai. Nilimwonyesha. Aliishika kwa mikono miwili, kwa heshima, akaisoma yote.

"Namba Tisa. Ulihesabu mara ngapi?"

"Kumi na mbili, Fundi."

"Haya."

Akanirudishia, akaendelea na kamba. Kabla sijaondoka Mtwara kwenda kusoma zaidi nilipita maabara nikafungua kabati. Chini ya jina la mwaka uliotangulia kulikuwa na nafasi tupu, upana wa vidole viwili. Niliporudi miaka kadhaa baadaye kuanza kufundisha, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kuripoti utumishi, ni kufungua kabati lile. Majina yalikuwa yameendelea chini. Nafasi ilikuwa palepale. Nilijiambia mwaka ule hakuona wa kumfaa. Nilijiambia hivyo kila nilipokwenda kuchukua chupa, na nilianza kuwatuma wanafunzi wakachukue wao.

Fundi alistaafu, akahamia Likombe. Mambo yakaenda. Mimi nikawa ninakaa kamati ya tuzo, na hapo ndipo kokoto lilipoanza kuchoma. Sababu ni kwamba ripoti yangu, ile yenye mara kumi na mbili kamili, iliwekwa maktaba kama nakala ya mfano. Kila mwaka wanafunzi wanaonyeshwa: jedwali linatakiwa lionekane hivi. Kwenye vigezo vya tuzo kukaongezwa kipengele cha takwimu kamili zisizo na pengo, na aliyekipendekeza alinitaja kwa sifa, nami nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa kwenye kiti. Ningeweza kusema.

Mwaka huu walibaki wawili. Kijana mmoja wa Mikindani, hodari, jedwali limejaa, na sina sababu yoyote ya kumshuku. Ninalisema hili wazi nisije nikamdhulumu. Na binti mmoja wa kule karibu na kivuko, ambaye kazi yake juu ya miche ya mikoko mlangoni mwa Ruvuma ndiyo bora kuliko zote nilizosoma tangu nianze kufundisha, pamoja na yangu. Ila mstari wake wa kumi na moja ulikuwa mtupu. Aliandika pembeni kwa mkono: "Sikufika. Mto ulijaa, mtumbwi haukuvuka."

Mwenzangu wa takwimu alisukuma karatasi. "Kazi nzuri, lakini pengo ni pengo. Vigezo vinasema kamili. Wengine waliweza kumi na mbili." Akanitazama, akatabasamu. "Si ndiyo, mama?"

Tuzo hii siku hizi inabeba nafasi ya kuendelea na shahada ya pili. Ukiikosa, kwa binti kama yule, unarudi kivukoni kuuza vocha na kungojea ajira. Tuliahirisha mpaka Alhamisi. Nilitoka mle chumbani nikiwa siwezi kukaa, siwezi kula, nikaanza kupanga faili ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Jumanne asubuhi nilichukua gambuti nikaenda na gari la idara hadi kwenye vijiti vya yule binti. Sijui nilitaka kuona nini. Vilikuwepo vyote, vimefungwa vitambaa vya kanga kuukuu. Niliingia tope mpaka magotini, nikasimama pale kwenye kijiti cha mwisho, nikiwa na umri huu, nikalia kwa hasira. Kisha nikamwambia dereva anipitishe Likombe.

Nilimkuta Fundi barazani na mkewe wakimenya ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Amekonda. Jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, la pili linaelekea huko. Nilimwamkia, akaitikia, akainua kichwa kufuata sauti yangu.

"Namba Tisa."

"Ndiye mimi, Fundi."

"Karibu. Mbona unanuka nkoko?"

Mkewe alinisogezea kigoda. Mimi nilibaki nimesimama. Fundi alinyoosha mkono akapapasa, akakuta gambuti miguuni kwangu, akakwangua kwa ukucha uleule. Mkewe alisema, "Baba nanihii, mbele ya mgeni," lakini alishatia ulimini.

"Huyu kafika," alisema. "Mlangoni mwa mto. Maji ya bara bado yapo."

Nilimweleza kila kitu kuhusu kikao, yule binti na ule mstari mtupu. Nilieleza haraka, nikirukaruka, na yeye alimenya ming'oko yake bila kunikatiza. Nilipomaliza, aliweka kisu chini.

"Ulihesabu mara ngapi?"

Nilidhani nitajiandaa kabla ya kulijibu hilo swali. Miaka yote nilikuwa na hotuba yangu tayari, yenye unyago ndani yake, na mama yangu, na kitenge kipya.

"Kumi na moja," nilisema.

"Eeh. Na mie ninayo kumi na moja."

"Kwa nini hukusema, Fundi? Ungesema siku ileile." Nilikuwa na hasira naye, na sikuificha. "Ungeniokoa."

Mkewe alichukua bakuli akaingia ndani, akatuacha.

"Nilikuhurumia," alisema. "Nilingoja useme, halafu siku ya ngao nikamwona mama yako nje na kile kitenge, nikasema basi, mtoto atasema mwenyewe kesho. Kesho hukusema. Hapo nilikosea mie. Mwingine ningemwandikia kwa msimamizi wake." Alifuta mikono kwenye msuli. "Ila jina mlangoni mwa kabati sikuweza."

"Niliona. Ukaacha nafasi."

"Sasa ningeandika nani? Uliyefanya kazi bora mwaka ule ni wewe. Na wewe hukufika. Nikaacha wazi."

Basi nikakaa kwenye kile kigoda. Nilikuwa nimebeba ile nafasi kama adhabu miaka yote hiyo, kumbe alikuwa ameniwekea. Nilimuuliza tufanyeje sasa, nije nimchukue nimpeleke maabara akaandike jina la binti. Alicheka kwa mara ya kwanza ninayokumbuka, kikohozi kikamshika.

"Kwa jicho lipi? Makapeni iko wapi siku hizi?"

"Droo ya juu, palepale."

"Basi unayo. Huyo binti, namba yake ya gambuti nimesahau kukuuliza."

Alhamisi nilisema. Sikulisema vizuri, nilianza katikati, mwenyekiti akanitaka nirudie, nikarudia polepole, mara ya tisa, bweni, mtaro. Mwenzangu wa takwimu alitazama kalamu yake. Mwenyekiti aliuliza kama hilo liingie kwenye muhtasari wa kikao, nikasema liingie. Niliomba ripoti yangu iondolewe maktaba na kipengele cha pengo kifutwe. Ngao nilikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo, nikaiweka mezani. Hatua watakayonichukulia bado sijaijua; nimeambiwa nisubiri barua, na kila nikisikia pikipiki ya tarishi nasimama. Nilitolewa nje wakati wa kupiga kura. Walipomaliza, mwenyekiti alitoka akaniambia kwa kifupi kwamba binti amepita.

Nilikwenda moja kwa moja maabara. Nilifungua kabati, nikachukua makapeni kwenye droo, nikaandika jina lake chini ya mengine, matatu yote, kwa herufi kubwa ili zifanane na zake Fundi. Wino ulikuwa bado mwingi. Nilipandisha mkono mpaka kwenye ile nafasi ya vidole viwili, nikasimama hapo muda. Kisha nikafunika makapeni, nafasi nikaiacha wazi, kwa sababu mara ya tisa sikufika.